Kombe la Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wako Arua, Jinja, Mbale na Kampala, wengine ni majirani wa Kenya na Tanzania wanaofuatilia soka letu wakiwa mbali. Maswali yao hufanana, kwa hiyo nimeyakusanya mahali pamoja. Ya msingi yako mwanzoni, yale yanayoleta ubishi kibandani yako mwishoni. Kama jibu limeshatolewa kwingine nimeelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

Kombe la Uganda ni mashindano gani hasa?

Ni mashindano ya mtoano ya taifa yanayosimamiwa na FUFA, shirikisho la soka la Uganda lililoanzishwa mwaka 1924. Ukifungwa umetoka, hakuna jedwali wala pointi. Kombe lilianza mwaka 1971, miaka 3 baada ya ligi ya taifa ya 1968, ambayo bingwa wake wa kwanza alikuwa Prisons ya Kampala.

Kwa miaka mingi watu waliliita Kakungulu tu, na wazee hadi leo hawana jina jingine. Ukimwambia mzee wa Wankulukuku, nyumbani kwa klabu ya Express, kwamba Express imecheza "Stanbic", atakuuliza timu imefungua akaunti lini.

Kwa hiyo Kakungulu, Kombe la Uganda na Kombe la Stanbic ni makombe matatu?

Ni kombe moja. Kakungulu ni jina la zamani, Kombe la Uganda ndilo jina rasmi la sasa, na Stanbic ni benki mdhamini ambayo jina lake limetangulizwa mbele. Rekodi za mabingwa zinahesabiwa kwa mfululizo mmoja tangu 1971. Jina la mtu lilikotoka limeelezwa katika sehemu inayofuata.

Timu zipi zinaruhusiwa kucheza?

Klabu zote za Ligi Kuu, zile za daraja la pili (ambalo watu wa hapa wameshalizoea kwa jina la Big League), na klabu za chini zaidi zinazopita kwenye mchujo wa kanda. FUFA imeigawa nchi katika kanda 8: Kampala, Buganda, Mashariki, Kaskazini Mashariki, Kaskazini, West Nile, Kitara na Magharibi. Kanda hizo ndizo zinazoleta majina yasiyosomwa redioni mwaka mzima, halafu siku ya droo mtangazaji anayatamka kwa shida.

Mechi zinachezwaje?

Raundi za mwanzo ni mechi moja tu, na mshindi lazima apatikane siku hiyohiyo, hata kwa mikwaju ya penalti. Misimu mingi nusu fainali imechezwa kwa mikondo miwili, nyumbani na ugenini. Fainali ni mechi moja.

Kinachonipendeza ni raundi za mwanzo, pale timu kubwa inapopanda basi kwenda kucheza uwanja wa mji mdogo, nyasi zimekauka, mashabiki wamesimama hatua mbili kutoka kwenye mstari na watoto wamejaa juu ya miembe. Ligi Kuu haina siku ya namna hiyo. Mwenye mji anajua kila kishimo cha uwanja wake, mgeni anakijua baada ya kuanguka.

Mwaka wa ubingwa unahesabiwaje, maana msimu unaanza mwaka mmoja na kuisha mwingine?

Hapa tunataja mwaka wa fainali. Zamani msimu ulikuwa ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, baadaye ukahamia mtindo wa kuanza mwaka huu na kumalizika mwakani. Kwa hiyo ukisoma "KCCA 2017", ni msimu wa 2016/17.

## Jina Kakungulu lilitoka wapi

Kakungulu ni yule jenerali wa Mbale?

Siye. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kosa lenyewe linaeleweka. Semei Kakungulu alikuwa mpiganaji wa Kiganda aliyeitawala Mashariki kwa niaba ya Waingereza, akaujenga mji wa Mbale, kisha akaanzisha jamii ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Alifariki mwaka 1928. Kombe halikupewa jina lake.

Kombe lilipewa jina la Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyezaliwa 1907 na kufariki 1991. Huyu alikuwa mwana wa Nuhu Mbogo, wa ukoo wa Kabaka (mfalme wa Buganda), na kwa miongo mingi alikuwa kiongozi mkubwa wa Waislamu wa Uganda. Ardhi ya kilima cha Kibuli, unakosimama msikiti ule unaoonekana kutoka karibu kila pembe ya Kampala, ilikuwa yake, naye akaitoa kwa ajili ya msikiti na shule. Michezo aliipenda na kuilea, na kumpa kombe jina lake kulikuwa shukrani ya watu wa mpira.

Kuna utani mmoja hapa. Watu wa Mbale, ambao wangekuwa na kila sababu ya kudai kwamba Kakungulu ni wao, wamelitwaa kombe hilo mara mbili: Gangama United mwaka 1976 na Mbale Heroes mwaka 1999. Nimesikia mtu wa Mbale akisema jenerali alikuja kuchukua chake. Ni utani mzuri, ila Kakungulu si huyo.

Kwa nini jina lilibadilishwa?

Soka lilibadilika na likaanza kuhitaji wadhamini. Benki au kampuni inapoweka fedha inataka jina lake lisomwe mbele, na jina la nchi ni rahisi kuliuza kuliko jina la mtu ambaye kizazi kipya hakimjui. Mimi naona wangeweza kubaki na yote mawili. Kombe la nchi kuitwa jina la nchi halina ubaya, ila jina la Badru Kakungulu lilikuwa na hadithi ndani yake, na mtoto aliyekuwa akiuliza "Kakungulu ni nani?" alikuwa akijifunza historia bila kujua.

## Mabingwa

Nani anaongoza kwa kulitwaa?

KCCA na Express, kila mmoja mara 10. SC Villa anafuata akiwa na 9. Hawa watatu peke yao wana 29, ndiyo maana kwa miaka mingi fainali ilikuwa kama kikao cha familia ya Kampala.

Kwa wanaopenda kuandika kwenye daftari: KCCA (zamani KCC) ni 1979, 1980, 1982, 1984, 1987, 1990, 1993, 2004, 2017 na 2018. Express ni 1985, 1991, 1992, 1994, 1995, 1997, 2001, 2003, 2006 na 2007. Villa ni 1983, 1986, 1988, 1989, 1998, 2000, 2002, 2009 na 2015.

Angalia jinsi Express walivyoishika miaka ya 1990: makombe 5 ndani ya miaka 7, kutoka 1991 hadi 1997. Halafu angalia wamekaa kimya tangu 2007. Shabiki wa Express aliyezaliwa mwaka huo hajawahi kuiona timu yake ikilinyanyua kombe hili.

Baada ya hao watatu?

Vipers ya Kitende ana 4: 2016, 2021, 2023 na 2025. URA, timu ya mamlaka ya mapato, ana 3: 2005, 2012 na 2014. Victors walilichukua 2008 na 2010. Simba ya jeshi ilishinda mwaka 2011. Victoria University 2013, Proline 2019, BUL ya Jinja 2022 na Kitara ya Hoima 2024.

Majina ya utani ya hizi timu yanatoka wapi? Nasikia ya Kiluganda na ya Kiswahili yamechanganyika.

Yamechanganyika kweli. KCC ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa halmashauri ya jiji la Kampala, ndipo wapinzani wakawaita Kasasiro Boys. Kasasiro kwa Kiluganda ni takataka. Walikusudia kutukana, wenyewe wakalipokea jina na kulivaa kama nishani. Express ni Mukwano gwa Bangi, yaani rafiki wa wengi, na wengi hao utawakuta Wankulukuku.

Villa ni Jogoo. Ndiyo, jogoo huyuhuyu wetu wa Kiswahili, na Waganda wasiojua neno jingine la Kiswahili wanajua kulipigia Jogoo kelele. Ilianza mwaka 1975 kama Nakivubo Boys. Simba nayo ilipewa jina la Kiswahili kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini. Ukitaka kujua lugha yetu ilipitia wapi kuingia Uganda, majina ya timu yatakuonyesha njia mojawapo.

Nani wametwaa ligi na kombe katika msimu mmoja?

Villa ndio mabingwa wa jambo hilo: 1986, 1988, 1989, 1998, 2000 na 2002. Express walifanya hivyo 1995. KCCA walisubiri hadi 2017, chini ya kocha Mike Mutebi, na ukumbuke kwamba hadi mwaka huo walikuwa wamekaa miaka 13 bila kombe hili. Vipers wamefanya hivyo 2023 na 2025.

Timu moja ikichukua yote, swali linalofuata huwa ni nani anakwenda Afrika. Jibu liko katika sehemu ya Afrika hapo chini.

Ni kweli kombe halikuchezwa kila mwaka?

Ni kweli. Mashindano yalizaliwa mwaka uleule ambao Idi Amin alichukua madaraka, Januari 1971, na miaka ya mwanzo ina mapengo. Hata ligi ilikatika mwaka 1972 na 1973. Ajabu ni kwamba mpira wenyewe haukufa. Simba walifika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972 wakafungwa na Hafia ya Guinea, na timu ya taifa ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, ikafungwa na Ghana 2-0. Philip Omondi wa KCC alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano hayo, na ndiye ambaye uwanja wa Lugogo unabeba jina lake.

Pengo la karibuni ni la mwaka 2020. Korona ilisimamisha msimu, ligi wakapewa Vipers waliokuwa wakiongoza, na kombe likafutwa bila bingwa. Kwa hiyo ukiona orodha inaruka kutoka Proline 2019 hadi Vipers 2021, mwandishi hajasahau.

## Nje ya Kampala

Fainali inachezwa wapi?

Zamani ungejibiwa neno moja: Nakivubo. Uwanja ule uko katikati ya Kampala, jirani na soko la Owino, na siku ya fainali ungeshindwa kutofautisha foleni ya tiketi na foleni ya viatu vya mitumba. Uwanja wa taifa wa Namboole ulifunguliwa mwaka 1997 ikachukua mechi kubwa za taifa, lakini kwa soka la klabu moyo ulibaki Nakivubo. Mwaka 2017 Nakivubo ikabomolewa ili ijengwe upya, na ilirudi mwaka 2024 ikiwa na jina la Hamz.

Katikati ya hapo likatokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko uwanja wowote mpya: fainali ilianza kusafiri. 2017 ilichezwa Arua, 2018 Bukedea, 2019 Lira, 2022 Masindi.

Kwa nini watu wa Arua wanaizungumzia fainali ya 2017 kana kwamba waliishinda?

Kwa sababu kombe lilikwenda kwao, na timu ya kwao ilikuwa ndani. Paidha Black Angels, klabu ya wilaya ya Zombo iliyokuwa daraja la pili, ilifika fainali na kuikuta KCCA, bingwa wa ligi. Mechi ilichezwa uwanja wa Green Light, Arua. KCCA walishinda 2-0.

Ila matokeo ni sehemu ndogo ya habari. Mwaka mmoja kabla, 2016, Onduparaka ya Arua nayo ilifika fainali kutoka daraja la pili, wakafungwa na Vipers. Fainali mbili mfululizo, West Nile iko ndani, na zote mbili kwa timu ambazo hazikuwa hata Ligi Kuu. Kabla ya hapo mtu wa Arua akitaka kuona fainali ilimbidi apande basi la usiku, avuke Nile pale Pakwach, na kulipokucha awe Kampala na macho mekundu. Mwaka 2017 mabingwa wa nchi ndio waliovuka daraja kumfuata. Mjini Arua, ambako sokoni utasikia Kilugbara, Kinubi, Kiswahili na Kilingala kabla hujafika kwa muuza vitunguu, siku ile kila lugha ilikuwa na neno lake la "penalti".

Nauliza mara nyingi: kama si kombe la mtoano, ni mashindano gani yangeipeleka Paidha kukutana na KCCA katika mechi ya taji? Hakuna. Ligi inampa mwenye kikosi kipana. Mtoano unampa mdogo dakika 90 za kujaribu.

Timu gani za nje ya Kampala na vitongoji vyake zimewahi kubeba kombe?

Gangama na Mbale Heroes tumeshawataja kwenye swali la jenerali. BUL ya Jinja, ambayo jina lake ni kifupi cha kampuni ya mafuta ya kupikia ya Bidco, ilishinda 2022 mjini Masindi. Kitara ya Hoima ilishinda 2024, na kombe likafika Bunyoro kwa mara ya kwanza.

Fainali hiyo ya 2024 ilikuwa na kioja chake. Kitara walicheza na NEC, na timu zote mbili zilikuwa zimepanda Ligi Kuu mwaka 2023. Wageni wawili wa ligi ndio waliobaki mezani wakati wenyeji wameshanawa mikono. Kitara walishinda 1-0.

Timu ya daraja la pili imewahi kushinda, au huishia fainali tu?

Imeshinda. Proline, mwaka 2019. Msimu huohuo walikuwa daraja la pili, wakapanda Ligi Kuu, na wakabeba kombe Lira mbele ya Bright Stars. Wakaenda Afrika, wakaitoa Masters Security ya Malawi. Halafu msimu wa 2019/20 ukaisha wakiwa wameshuka daraja. Ndani ya misimu miwili: bingwa wa nchi, mwakilishi barani Afrika, na mteremko. Nikiulizwa hadithi moja tu ya kombe hili, huwa natoa hiyo.

## Afrika

Bingwa anapata nini zaidi ya kombe?

Fedha za mdhamini, na tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kabla ya 2004 bingwa alikwenda kwenye Kombe la Washindi Afrika, mashindano yaliyoanza mwaka 1975 kwa ajili ya mabingwa wa mitoano. Mwaka 2004 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliyaunganisha hayo na Kombe la CAF, yakawa Kombe la Shirikisho la leo.

Mimi ni Mtanzania. Kombe la Shirikisho kwetu ni lile la ndani. Mnazungumzia lipi?

Haya ni matatizo ya Kiswahili wala si ya mpira. Tanzania mashindano ya mtoano ya ndani yameitwa Kombe la Shirikisho kwa maana ya shirikisho la soka la nchi, na lile la Afrika nalo ni Kombe la Shirikisho. Kwenye ukurasa huu, Kombe la Shirikisho Afrika ni la CAF, na la ndani ya Uganda ni Kombe la Uganda. Basi.

Kama unatafuta mahali yalipokutana: mwaka 2018 KCCA walishinda Kombe la Uganda na Mtibwa Sugar walishinda la Tanzania. Mwisho wa mwaka huo wakapangwa pamoja katika Kombe la Shirikisho Afrika, bingwa wa mtoano kwa bingwa wa mtoano, na KCCA wakapita kabla ya kutolewa na AS Otoho ya Kongo Brazzaville.

Timu moja ikitwaa ligi na kombe, tiketi ya pili inakwenda kwa nani?

Bingwa huyo anakwenda Ligi ya Mabingwa, na nafasi ya Kombe la Shirikisho inatafutiwa mtu mwingine. Usidhani ni lazima awe aliyefungwa fainali. Vipers walipobeba yote mawili mwaka 2025, walioliwakilisha taifa katika Kombe la Shirikisho Afrika ni NEC, waliomaliza wa pili kwenye ligi. Wakakutana na Nairobi United ya Kenya.

Bingwa wetu wa kombe amewahi kufika mbali Afrika?

Hapa tuseme ukweli: safari zetu kubwa zimekuja kwa upande wa ligi zaidi. Villa walifika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1991 wakafungwa na Club Africain ya Tunisia, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la CAF, wakafungwa na Shooting Stars ya Nigeria. Express walifika nusu fainali ya klabu bingwa mwaka 1995 na kutolewa na Orlando Pirates waliokuja kuwa mabingwa. Zote hizo hazikutokana na Kakungulu.

Bingwa wa kombe mara nyingi ametoka mapema. Vipers wa 2016 walikwama kwa Platinum Stars ya Afrika Kusini mwaka 2017, mechi iliyokumbukwa zaidi kwa sababu uwanja wa Kitende ulifunguliwa siku hiyo. BUL wa 2022 walipangwa na Future ya Misri. Mimi naona sababu ni ileile inayolifanya kombe kuwa tamu: anayelishinda si lazima awe na kikosi cha kusafiri miezi 6.

## Maswali ya ubishi

Ile mechi iliyoisha 22-1 ilikuwa ya Kombe?

Hapana. Ile ilikuwa ya ligi, mwaka 2003, Villa dhidi ya Akol, siku ya mwisho ya msimu, wakati Villa na Express walikuwa wakigombania ubingwa hadi kwa tofauti ya mabao. Aibu yake ni ya ligi. Kombe la mwaka huo walichukua Express, na katika mtoano hakuna anayehitaji mabao 22, moja linatosha.

Na ile ya 8-1?

Hiyo ndiyo ya Kombe, tena ya fainali. Mwaka 2021 Vipers waliibugiza BUL mabao 8 kwa 1. Watu wa Jinja walikaa na maumivu hayo mwaka mzima, kisha mwaka 2022 wakakutana na Vipers haohao, fainali hiyohiyo, wakawafunga 3-1 mjini Masindi. Ukimtania mtu wa BUL kwa ile 8-1 jiandae kusikia habari za Masindi hadi chai ipoe.

Klabu ikibadilisha jina, makombe yake yanahamia?

Yanahamia kama klabu ni ileile. KCC ilipogeuka KCCA baada ya jiji kuwekwa chini ya mamlaka mpya, makombe yake 8 ya awali yalikwenda nayo. Vipers iliitwa Bunamwaya hadi 2012, kwa hiyo makombe yake yote ya Kombe la Uganda yamekuja chini ya jina jipya.

Klabu ikifa ni habari nyingine. Victoria University walishinda Kombe 2013, wakaenda Sudan mwaka 2014 wakabeba Kombe la Bonde la Nile la CECAFA (baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati) mbele ya AFC Leopards ya Kenya, na hawakudumu baada ya hapo. Jina limebaki kwenye orodha ya mabingwa, timu haipo.

Kombe la Masaza au la Bika ni hatua ya kuingia Kombe la Uganda?

Hapana, hayo ni ya Ufalme wa Buganda. Masaza ni ya majimbo 18 ya Buganda, yalianza mtindo wake wa sasa mwaka 2004 na Gomba wakawa mabingwa wa kwanza. Bika ni ya koo, na ni ya zamani zaidi, tangu 1950. Hayampeleki mtu Afrika, lakini uwanja unajaa kuliko mechi nyingi za Ligi Kuu, na wachezaji wengi walionekana huko kwanza. FUFA Drum, ya mikoa, iliyoanza 2018 kwa ushindi wa Buganda, nayo ni kitu cha peke yake.

Wanawake wana kombe lao?

Wanalo, chini ya FUFA, la mtoano vilevile, na linajitegemea. Linastahili ukurasa wake, si aya mbili za mwisho kwenye ukurasa wa wanaume.

Kwa nini mnasema Kitende na Lugogo zimo Kampala wakati Kitende iko Wakiso?

Kijiografia uko sahihi, Kitende iko wilaya ya Wakiso, barabara ya Entebbe. Lakini muulize mtu wa Paidha, aliyeamka saa 10 usiku kufuata mechi huko, kama ameona mpaka.